Sita na Tisa

Mama huuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, pale Gitaza, Burundi, kando ya barabara iendayo Rumonge, mahali milima inapoteremka hadi karibu na maji. Niliporudi likizo mwaka wangu wa nne wa masomo ya meno, nilikaa naye kupanga mafungu. "Elfu sita," akamwambia mteja. Mteja akanilipa, nami nikamdai elfu tatu zaidi.

"Mwanangu, nimesema sita."

Mimi nilisikia tisa. Irabu za maneno hayo ni zilezile. Kinachoyatenganisha ni mahali pa s na t, sauti nyembamba ambazo tayari zilikuwa zinanitoroka.

Nilikuwa nikisomea nchi jirani. Katika chumba cha mazoezi tuliinamia vichwa vya plastiki, watu thelathini, kila mmoja na turbini ya kutoboa meno mkononi. Kile kinu kidogo cha hewa huzunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika. Vifyonza mate navyo vilikoroma, na kompresa ilinguruma nyuma ya mlango. Tulifundishwa kulinda macho, mikono, hata mgongo. Sikio halikutajwa. Jioni masikio yalinilia kama nyenje, asubuhi yakanyamaza, nami nikaamini yamepona.

Kumbe ndani ya sikio mna chembe zenye vinyweleo ambazo zikifa hazioti tena, na kelele hutangulia kuua zile zinazopokea mlio mwembamba, wa karibu hezi 4,000. Wataalamu wengi huweka mpaka kwenye desibeli 85 kwa saa nane. Zikiongezeka tatu, muda hukatwa nusu. Turbini mpya mara nyingi haivuki mpaka huo. Zetu zilikuwa na beringi zilizochakaa, nasi tulikuwa thelathini.

Leo nafundisha. Kompresa nimeitoa nje, turbini hutiwa mafuta kila siku, na wanafunzi hupimwa masikio kabla ya kushika chombo. Vizibo vya masikio walivikataa mwanzoni, wakihofu mgonjwa atadhani hawataki kumsikiliza. Nikawasimulia habari za mafungu ya ndagala.

Niliporudi Gitaza safari hii, nilikaa na Mama usiku, tukitazama taa za wavuvi ziwani. Nikamwambia Gitaza kumetulia siku hizi, hata nyenje wamehama.

Alinyamaza kidogo. "Wamejaa, mwanangu," akasema, kisha akainama karibu na sikio langu, akaniigia mlio wao.