Bunduki ya Mtumba

Kaskazini mwa Michigan kuna ndege wa jamii ya kwale asiyefanana kwa tabia na kanga wa Tabora. Kanga hukimbia kwanza, akampa mwindaji nafasi ya kutafakari. Huyu huchomoka ghafla miguuni pa mtu na kupotea nyuma ya miti kabla ya pumzi ya pili. Mzee mmoja Mnyamwezi aliyelowea huko anamjua vyema, ndiyo maana hakutafuta bunduki nzito. Alitaka ya marisau, mitutu miwili sambamba, kipimo cha 16, yaani mtutu ambao goroli 16 za risasi zinazouenea huwa na uzito wa ratili moja. Mpya za namna hiyo bei yake haishikiki. Akaenda kwenye za mtumba.

Dukani alionyeshwa mbili. Ya kwanza ilikuwa na nakshi za maua ubavuni, na mitutu ya chuma cha kusokotwa kiitwacho Damascus, yenye mawimbi kama ubao wa mninga. Ya pili, Sterlingworth ya kiwanda cha Fox cha Philadelphia, haikuwa na pambo lolote. Mwanawe, mrithi wake, aliikamata ile ya nakshi asitake kuiachia.

Mzee hakubishana naye. Aliichomoa mitutu, akaining'iniza kidoleni na kuigonga kwa ukucha. Ya Sterlingworth ililia kama kengele. Ya nakshi ilitoa mlio mfu, dalili kwamba utepe wa chuma unaoiunganisha umeachia mahali. Muuzaji alisema hilo hutengenezeka. Kweli, hutengenezeka, lakini mtutu uliosuguliwa ndani miaka nenda miaka rudi huwa mwembamba, na wembamba huo hauonekani kwa macho. Ukipasuka, jirani yake ni mkono wa kushoto.

Hata ile ya pili haikununuliwa papo hapo. Bunduki nyingi za Kimarekani za kipimo hicho, zilizoundwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, zilichongewa chemba za risasi ya milimita 65, ilhali za leo ni 70. Risasi ndefu huingia bila taabu, na hapo ndipo penye hila: ikilipuka, mdomo wake hufungukia penye shingo nyembamba, msukumo ukazidi. Mzee aliomba chemba ipimwe. Ilikuwa fupi. Akaagiza risasi fupi, akalipa.

Kijana aliibeba hadi garini bila kusema neno. Kitako kilikuwa kifupi kwa mkono wake, kiasi cha nusu inchi.