Mkono wa Tabibu Hujifunza Wapi?



Ndugu wasomaji, yako maradhi yanayotuunganisha sisi watu wa Pwani na jamaa zetu walioko kando ya Ziwa Viktoria, ijapokuwa nchi nzima imelala baina yetu. Mwaka 1949 mtafiti kijana aitwaye Anthony Allison, aliyelelewa hapa Kenya, alizunguka akipima damu za watu wa makabila mbalimbali. Akaona kwamba jeni ya selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita, imeenea sana pwani na kandokando ya ziwa, na ni haba katika nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha sababu yake: anayeirithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Basi Kilifi na Kwale, Homa Bay na Migori, ni wenza katika mtihani mmoja.

Mama wengi wanaolea watoto wenye selimundu wanayajua maumivu ya ghafla, upungufu wa damu, na safari za usiku kwenda hospitali. Wachache huambiwa habari za nyonga. Chembe za damu zilizopinda kama mundu huziba vijishipa vinavyolisha kichwa cha mfupa wa paja. Mfupa ukikosa damu hufa, kisha hubonyea, na kiungo kilichokuwa laini kama yai huparuzana kila hatua. Hapo mtu huchechemea kama mzee ilhali bado ni kijana.

Ndivyo ilivyomfika mwana wa dada yangu, aliyeolewa Migori. Ana umri wa miaka ishirini na saba, na husomesha watoto Kurani, akiketi nao jamvini. Sasa kuketi chini ni adhabu, na kuinuka ni adhabu ya pili. Safari ya matatu kutoka Migori kupitia Rongo hadi Homa Bay, kwenda kumwona daktari, humgharimu siku mbili za kulala kitandani. Ameelezwa kwamba dawa za maumivu hazitaurudisha mfupa uliokufa, na kwamba tiba iliyobaki ni kubadilishiwa nyonga. Dada yangu alipopata habari hiyo hakuuliza kwanza bei. Aliuliza, "Huyo atakayemkata mwanangu, mkono wake umejifunzia wapi?"

Swali hilo limenikaa moyoni, nami nikaanza kulitafutia jibu.

Upasuaji wenyewe si mgeni duniani. Mwaka 1962, katika hospitali ya Wrightington nchini Uingereza, daktari John Charnley alikamilisha namna ambayo hadi leo ndiyo msingi: kichwa kilichoharibika hukatwa, kikombe cha plastiki ngumu huwekwa katika tundu la nyonga, na mhimili wa chuma wenye kichwa cha mviringo hupenyezwa ndani ya mfupa wa paja. Ugumu umo katika vipimo. Kikombe kikiinama kupita kiasi, au kikielekea mbele au nyuma isivyopasa, kiungo huweza kuchomoka mgonjwa anapojikunja. Mguu mmoja huweza kutoka mrefu kuliko mwenzake. Tena kiungo bandia hakidumu milele, na kijana anayewekewa leo huenda akahitaji kurudiwa siku za mbele. Kwa hivyo ile mara ya kwanza haina budi kuwa sawa. Kwetu sisi tunaosujudu, tunaokula mkekani na kuchuchumaa msalani, digrii chache ni jambo kubwa.

Tangu zamani mkono wa mpasuaji umejifunza kwa njia mbili: kwa mgonjwa aliye hai, chini ya jicho la mwalimu, na kwa maiti. Njia ya kwanza ina maana kwamba lazima awepo mgonjwa wa mwanzo. Njia ya pili kwetu ni nzito. Tumefunzwa na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kwamba mfupa wa maiti una heshima ile ile ya mfupa wa aliye hai. Wako wanavyuoni walioruhusu mafunzo hayo kwa dharura na kwa masharti, lakini familia nyingi hazitaki hata kulisikia jambo hilo.

Sasa imekuja njia ya tatu. Daktari mwanafunzi huvaa miwani mikubwa inayoziba macho yote, akashika vishikio viwili mikononi. Mbele yake hutokea chumba cha upasuaji, kitanda, mgonjwa na vyombo vyote, vikiwa ni picha tu zilizoumbwa na kompyuta. Akigeuka, chumba hugeuka naye. Akikosea pembe ya kikombe, huonyeshwa amekosea kwa digrii ngapi, kisha hufuta na kuanza upya. Wataalamu wa Kiswahili huuita uhalisia pepe. Mimi nimeufananisha na ule ubao wa chuoni. Zamani mtoto hakupewa msahafu siku ya kwanza. Aliandika ubaoni kwa wino, akakosea, ukaoshwa, akaandika tena, mpaka mwalimu aliporidhika. Makosa yake yalikwenda na maji, na msahafu ukabaki safi.

Je, unafaa? Mwaka 2019 watafiti wa Imperial College, London, walitoa matokeo ya jaribio la wanafunzi 24 wa upasuaji ambao hawakuwa na uzoefu wa kubadilisha nyonga kwa kuifungua upande wa mbele. Baadhi walijifunza kwa miwani hiyo, wengine kwa njia za kawaida, kisha wote wakapimwa. Waliojifunza kwa miwani walikosea pembe ya kiungo kwa wastani wa digrii 4, na wenzao kwa digrii 16. Na si Ulaya peke yake. Huko Lusaka, Zambia, madaktari wamefunzwa kwa vifaa vya bei nafuu vya namna hii upasuaji mgumu wa saratani ya mlango wa kizazi, maradhi yanayowaua wanawake wetu kila siku.

Iko pia miwani ya aina nyingine, isiyoziba macho. Daktari humwona mgonjwa wake mwenyewe, na juu yake huonyeshwa mistari na vipimo, kana kwamba mwalimu ameelekeza kidole pale pa kukata. Ya kwanza humfunza mtu kabla ya kuingia chumbani, na hii ya pili huweza kumsaidia akiwa kazini.

Hata hivyo tusidanganyike na uzuri wa picha. Mkono ulioshika kishikio chepesi haujaonja uzito wa nyundo wala ukaidi wa mfupa. Na mfupa wa mgonjwa wa selimundu una ukaidi wake: mara nyingi tundu la ndani limesinyaa au limezibwa na mfupa mgumu, ukilazimishwa hupasuka, na hatari ya kuingia usaha ni kubwa zaidi. Programu iliyotungwa kwa nyonga za wazee wa Ulaya, ambao viungo vyao vimechakaa kwa umri, haimtayarishi daktari kwa nyonga ya kijana wa Migori. Chombo hiki kikija kwetu, na kije na mifupa yetu ndani yake. Na pawepo mwalimu wa kumwongoza mwanafunzi akishavua miwani.

Mwalimu hupatikana. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha, kimejengwa juu ya fikra kwamba mpasuaji afunzwe katika hospitali anamofanya kazi, bila kuhamia ng'ambo. Miwani hii inaoana vyema na fikra hiyo. Daktari wa Homa Bay aweza kurudia hatua zile zile jioni baada ya jioni, hata wiki ambayo hakuna nyonga ya kubadilishwa, kisha akaenda kwa mwalimu wake akiwa tayari anaujua mpango wa kazi. Anayefaidi ni mgonjwa asiyeweza kusafiri mbali.

Hili si geni katika dini yetu. Wanavyuoni wa fiqhi, kwa kutegemea hadithi iliyopokewa na Abu Daud, wamesema kwamba anayejitia kutibu bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara. Na Abul Qasim Az-Zahrawi wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1013, alichora kitabuni mwake picha za vyombo vya upasuaji vipatavyo 200, akasisitiza kwamba asiyeujua muundo wa mwili asishike kisu. Nayo yalikuwa mafunzo ya picha kabla ya nyama.

Basi mama, dada, mume au baba uliye na mgonjwa, usione haya kumuuliza daktari kwa adabu: Umefanya upasuaji huu mara ngapi? Ni nani atakayesimama nawe? Umewahi kuufanya kwa mgonjwa wa selimundu? Nitaswali vipi baadaye? Daktari mwema hakasiriki, kwani mwili ni amana na anajua hivyo. Akikuagiza mgonjwa asikunje nyonga kupita digrii 90 katika wiki za mwanzo, shika agizo lake. Sheria imemruhusu asiyeweza kusimama aswali ameketi, na asiyeweza kuketi aswali amelala ubavu. Hakuna upungufu ndani yake.

Mwana wetu bado hajaamua. Maswali hayo manne ameyaandika kwenye karatasi, atakwenda nayo Homa Bay akiandamana na mumewe na dada yangu. Tumwombee yeye na wagonjwa wote wa selimundu, wa ziwani na wa Pwani, Mwenyezi Mungu awape shifaa, na aiongoze mikono itakayowatibu.

Wabillahi tawfiq.