Meza ya mtumba iliyotufanya tuzungumze

"Mama, kwani sisi sasa hivi ni maskini?"

Binti yangu wa darasa la sita aliniuliza hivyo usiku mmoja, wiki ya pili tangu tuhamie kwenye vyumba viwili. Biashara ya baba yake ilikuwa imeanguka. Tuliuza makochi, kabati na meza yake ya kusomea ili tulipe deni, na baba yake akaenda Morogoro kutafuta kazi. Nilimjibu, "Kalale, kesho shule." Halikuwa jibu, na wote wawili tulijua.

Akawa anaandika kazi za shule kitandani, daftari juu ya mto. Mwandiko ukaharibika. Nilimuuliza fundi seremala wa mtaani bei ya meza ndogo ya mninga, akaniambia Sh180,000. Nikamshukuru, nikaenda zangu.

Baadaye jirani mmoja aliyekuwa anahama akaniuzia meza yake ya zamani kwa Sh25,000. Juu ilikuwa na mikwaruzo na alama ya mviringo ya sufuria ya moto, na droo ilikuwa imekwama. Binti yangu aliitazama, akanyamaza. Kisha akasema taratibu, "Rafiki zangu wakija, tuifunike na kitambaa."

Jumamosi tuliitoa uani. Kwanza tulimulika maungio na droo kwa tochi ya simu tukitafuta kunguni, maana fanicha ya mtumba inaweza kukuletea wageni ambao hukuwaalika. Droo tuliisugua mshumaa pembeni, ikaanza kuteleza.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Kwa haraka nilipaka rangi ya maji moja kwa moja juu ya vanishi ya zamani. Kesho yake binti aliigusa kwa ukucha, ikabanduka kama ganda la yai. "Mama, imekataa." Tukaanza upya, safari hii kwa msasa: namba 80 kuondoa vanishi, 120, halafu 220 kulainisha, tukifuata mkondo wa nyuzi za mbao. Wote tulivaa barakoa.

Miguu ilikuwa na rangi ya mafuta ya zamani, nayo hatukuipiga msasa. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi yanayoathiri ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kwa kuwa rangi ile ilikuwa haijabanduka, niliiosha mwenyewe, nikaifunika kwa andakoti.

Tulitaka ule mwonekano wa kizamani, rangi inayoonekana imechakaa kwa makusudi. Si vigumu. Unasugua mshumaa kwenye kingo na sehemu zinazoguswa sana, unapaka rangi mara mbili nyembamba, unaacha ikauke kabisa, kisha unapitisha msasa laini palipo na nta. Rangi inatoka, mbao inachungulia. Unafuta nta iliyobaki na kumalizia kwa vanishi.

Ila ile alama ya sufuria ilikuwa imeingia ndani, haikutoka kwa msasa. Binti akauliza, "Hii tuipake rangi nzito isionekane?"

Sijui kwa nini nilichagua wakati ule. Nikamwambia, "Mwanangu, uliniuliza kitu sikukujibu. Ndiyo, pesa zimepungua sana. Deni bado tunalipa. Chakula na mahitaji yako ya shule tumeyapanga. Kikikosekana kitu, nitakwambia mapema."

Aliendelea kusugua bila kuniangalia. Halafu akauliza, "Kwa hiyo baba hajaenda Morogoro kwa sababu mmeachana?"

Mikono yangu ilisimama. Mtoto alikuwa amebeba jambo hilo peke yake kwa wiki nyingi, kwa sababu mimi nilidhani kunyamaza ni kumlinda. Jioni ile tulimpigia baba yake, wakaongea mpaka salio likaisha.

Alama ya sufuria tuliiacha. Meza sasa ni ya bluu, kingo zake za kahawia, na mwandiko umeanza kurudi. Juzi rafiki yake alikuja, nikasikia akiuliza imenunuliwa wapi. Kitambaa hakikuwepo. "Ilikuwa ya jirani," binti yangu alisema. "Mimi na mama tumeitengeneza."

Mzazi mwenzangu, kama hali nyumbani kwako imebadilika, mtoto ameshaona. Usipomwambia kilichotokea, atajitungia chake, na huenda kikawa kibaya kuliko ukweli. Tafuta kazi ya mikono mfanye pamoja, ambayo haimlazimu akutazame usoni. Msasa wetu uligharimu Sh1,000 kwa karatasi.