Kioo cha kushoto hakipati moto

Mwezi Januari katika jimbo la Minnesota, Marekani, jua huchomoza saa mbili kasoro asubuhi. Wanafunzi wengi wa sekondari wanakuwa wameshatoka nyumbani. Kwa familia moja ya Kitanzania iliyohamia huko, maana yake ni kwamba binti wa miaka 16, mwenye leseni ya miezi minne tu, anaendesha pikapu ya mwaka 2004 gizani, kwenye barabara ya theluji iliyosagika, baridi ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri.

Pikapu yenyewe haina shida kuwaka. Shida yake ni kioo cha pembeni cha kushoto, ambao kule ndio upande wa dereva. Kinaganda.

Aliyeko Dar es Salaam atauliza kwa nini asikikwangue tu kabla ya kuondoka. Anakikwangua kila siku. Lakini gari likishatembea, maji ya chumvi yanayorushwa na magari ya mbele hutua kwenye kioo na kuganda upya, na huwezi kusimama katikati ya barabara kuu ukakwangua tena. Ndiyo maana magari ya nchi za baridi huwekewa kipasha joto nyuma ya kioo: karatasi nyembamba yenye nyaya ndani yake, iliyogundishwa mgongoni mwa kioo, inayotumia umeme wa gari. Baadhi ya magari yanayokuja kwetu kutoka Japan yanacho pia. Kitufe kipo, chenye alama ya mstatili na mawimbi matatu, na wenye magari wa Njombe na Limuru wangekifurahia asubuhi za ukungu kama wangekibonyeza.

Mama, anayefanya kazi za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, alishatoa uamuzi. Kioo kisipopona, funguo zinabaki kwake na mtoto atapanda basi. Baba alitaka kuagiza kioo kipya kizima, na kasha lake na mota yake, kwa dola 130. Ndivyo alivyotengeneza karibu kila kitu cha gari hilo: anabahatisha kifaa, analipa, na kikifanya kazi anasema alijua tangu mwanzo. Binti akaomba apewe Jumamosi moja kabla fedha haijatoka. Baba akakubali, shingo upande.

Walianza vibaya. Walibonyeza kitufe, wakaingia ndani kunywa chai, wakarudi baada ya nusu saa na kukuta vioo vyote viwili baridi. Baba akasema fyuzi imekufa. Lakini kwenye pikapu nyingi za zamani vioo havina kitufe chao. Vinawashwa pamoja na kipasha joto cha kioo cha nyuma, na mtambo huo hujizima wenyewe baada ya dakika kama kumi au kumi na tano. Chai yao ilikuwa ndefu kuliko muda wa kitufe. Walipowasha tena, injini ikinguruma, na kusubiri hapohapo nje, cha kulia kilipata joto. Cha kushoto kilibaki kama jiwe.

Hapo kazi ikapungua nusu. Fyuzi, rilei na kitufe kwa kawaida huhudumia vioo vyote viwili, kwa hiyo upande mmja ukipona na mwingine ukafa, ugonjwa hutafutwa kwenye mlango wenyewe.

Kabla ya kung'oa kioo waliacha gari lipashe joto ndani ya gereji, kwa sababu plastiki iliyoganda huvunjika kama biskuti. Binti alitumia mota ya kioo kukiinamisha hadi mwisho, akapenyeza vidole vyenye glavu upande uliojitokeza, akavuta taratibu mpaka vibanio vikaachia. Nyuma kulikuwa na waya mbili nyembamba zilizochomekwa kwenye vichwa vya bapa. Vichwa vilikuwa na kutu ya kijani. Wakavisafisha, wakachomeka, wakasubiri. Bado baridi.

Binti akachukua multimita ya baba yake, ambayo ilikuwa haijatoka kwenye boksi tangu inunuliwe, akapima waya zile mbili zikiwa zimechomolewa. Volti 12 na kidogo.

"Umeme unafika," baba akasema. "Kioo kimekufa. Naagiza."

"Subiri kwanza, baba."

Akageuza multimita na kupima karatasi ya kioo chenyewe. Kingekuwa kimekatika ndani, kipimo kisingeonyesha kitu. Kilionyesha omu kama kumi, yaani mzima kabisa. Sasa walikuwa na waya yenye umeme na kioo kisicho na kasoro, na viwili hivyo vikikutana havitoi joto. Hapa ndipo wengi hununua vifaa viwili vipya na kubaki na tatizo lilelile.

Alichofanya binti ni kuvichomeka pamoja na kupima hapohapo, vikiwa kazini. Volti 12 zikashuka hadi 2.

Baba hakuelewa, na binti akamweleza kwa mfano wa nyumbani kwao. Bomba lililoziba karibu lote, ukifunga koki, maji bado yatajaa polepole mpaka mdomoni, na ukipima msukumo utadhani bomba ni zima. Fungua koki uone: yanadondoka tone moja moja. Waya ile ilikuwa hivyo. Ilitosha kuiridhisha multimita, ambayo haili umeme wa maana, lakini haikutosha kupasha joto. Mahali fulani njiani ilikuwa imebakiza nyuzi chache.

Mahali penyewe mama alishapasema bila kujua. Tangu Novemba alilalamika kwamba dirisha la dereva linasitasita, na mlango ukifunguliwa zaidi linakubali. Hakuna aliyemsikiliza. Waya zote za mlango hupita ndani ya mpira mmoja uliokunjamana karibu na bawaba, na mlango wa dereva ndio unaofunguliwa kuliko yote. Kwa miaka 20 waya zile zimekunjwa na kukunjuliwa kila siku.

Baba alitoa waya wa hasi wa betri kwanza, kisha akashika tochi wakati binti akiuvua ule mpira. Na ni wakati huo, macho yake yakiwa kwenye waya na si kwa baba yake, ndipo aliposema. Jumatano iliyopita alihama njia kwenye barabara kuu bila kuona gari dogo lililokuwa kushoto. Honi ndiyo iliyomwokoa. Alirudi kwenye njia yake, akafika shuleni, akakaa ndani ya pikapu mpaka kengele ya pili.

Baba hakusema kitu. Alisogeza tochi karibu. Baadaye kidogo akauliza kama yule mwenzake aliumia. Hakuumia. "Mama anajua?" Hajui. "Basi utamwambia mwenyewe, leo, mimi nikiwepo." Kwa baba aliyezoea kufoka kwa jambo dogo kuliko hilo, ilikuwa ni kazi kubwa kuliko ya gari.

Waya ilipatikana. Ngozi yake ilikuwa imepasuka na ndani zimebaki nyuzi mbili. Jirani yake, ya dirisha, ilikuwa inaelekea hukohuko. Walikata sehemu mbovu, wakaunga vipande vya waya laini vilivyoachiwa urefu kidogo ili visivutike, wakalehemu na kuvika mirija ya plastiki inayokazwa kwa joto. Kusokota kwa vidole na kuzungushia tepu kungedumu wiki chache tu mahali panapokunjwa hivyo.

Mama aliamka saa kumi jioni. Aliambiwa habari ya Jumatano mezani, akanyamaza muda mrefu, kisha akavaa koti na kutoka nje na viatu vya ndani. Aliweka kiganja kwenye kioo cha kushoto, akakiacha hapo. Akajaribu dirisha, likapanda bila kusita. Funguo alizirudisha Jumatatu, si siku ile.

Mpira wa mlango wa kulia hawajaufungua. Wamekubaliana wausubirishe hadi Aprili, theluji ikishayeyuka.