Ndoana ya Manyoya

Wasomaji wa bara wasiolijua Ziwa letu la Tanganyika hudhani kwamba hakuna samaki anaswaye kwa ndoana isiyo na chambo. Huku Ujiji, Kibirizi na Katonga mambo si hivyo. Mgebuka ni samaki mwindaji, na dagaa ndio chakula chake. Kitu cheupe kikipita mbio mbele yake, hukirukia. Kwa hiyo wavuvi humfungia unyoya wa kuku.

Kazi yenyewe ni ya vidole. Huchaguliwa unyoya mweupe, mwembamba, wa shingo ya jogoo. Ule wa bawa ni mgumu, hauchezi majini. Shina lake hulazwa juu ya sehemu ya ndoana iliyonyoka, ncha ikipita nyuma ya mpindo, kisha uzi huzungushwa, hukazwa sana, hupigwa fundo. Ukiwa mkavu, unyoya huo ni kichekesho. Ukilowa, hujikusanya ukawa mwembamba kama dagaa, na mvuvi akiuvuta mshipi na kuulegeza, waogelea. Tena hauliwi ukaisha kama chambo. Ndiyo sababu mshipi mmoja waweza kubeba ndoana nyingi.

Mkristo mmoja alituuliza kama huu si udanganyifu. Tulimjibu asome Mathayo 17: Petro aliamriwa kutupa ndoana, na chambo hakikutajwa.

Hata Marekani wanaijua kazi hii. Carrie Stevens, mshona kofia za wanawake katika jimbo la Maine, tarehe 1 Julai 1924 alivua kwa ndoana ya manyoya aliyoifunga mwenyewe, mfano wa kisamaki cha maziwa ya kwao, akapata samaki wa ratili 6 na wakia 13. Alifunga kwa vidole vitupu, kama wazee wetu.

Twaandika haya kwa kuwa migebuka wamepungua. Mwaka 2024, tangu 15 Mei hata 15 Agosti, Serikali ilifunga uvuvi katika Ziwa ili samaki wazae, nasi tulikula maharagwe. Wavu wa macho madogo hauchagui. Huzoa dagaa pamoja na watoto wa migebuka. Mshipi huchukua mmoja mmoja, na ndoana kubwa humwacha mdogo. Hatusemi nyavu zitupwe, maana dagaa hawavuliwi kwa ndoana. Lakini wengi wa wanafunzi wetu, wana wa wavuvi, hawakujua kufunga unyoya. Basi tumeanza kuwafundisha Ijumaa alasiri, na wasichana wamewapita wavulana kwa wepesi wa vidole. Shida ni kupata manyoya: jirani mmoja amekwisha kutuletea malalamiko juu ya jogoo wake mweupe, aliyerudi nyumbani shingo tupu.