Nyumba ya Bibi kwa Rangi za Maji

Kuchora kwa rangi za maji ni kazi isiyomsamehe mtu wa haraka, nami nilikuwa na haraka. Nyumba ya bibi yangu huko Geita ilikuwa ikingoja kubomolewa kupisha uchimbaji wa dhahabu, na siku zilizosalia zilikuwa mbili.

Nilitoka Shinyanga na karatasi mbili nzito za pamba. Usukuma hulima pamba, lakini karatasi yake, iliyo bora kwa kazi hii, hutujia kutoka ng'ambo. Hiyo ni ajabu ya biashara. Karatasi ya kwanza niliiharibu. Jua la adhuhuri lilikausha rangi kabla brashi haijamaliza mbingu, mabaka yakabaki. Nami kwa kutaka kusahihisha nikapaka rangi juu ya rangi hata bati, uzio wa minyaa na vumbi vikawa tope moja. Bibi akatazama, akauliza, "Mjukuu wangu, mvua imenyesha lini?"

Kesho yake niliamka alfajiri, kungali na ubaridi. Nilibandika karatasi iliyobaki ubaoni pande zote nne ili isijikunje, nikailowesha kwa maji safi, nikauinamisha ubao, nikashusha buluu toka juu hadi chini pasipo kurudi nyuma. Kisha nikangoja. Mgongo wa mkono ukigusa karatasi na kusikia baridi, unyevu ungalimo. Kivuli kikitiwa wakati huo hutambaa kisikotakiwa. Bati sikulipaka kabisa, kwa kuwa mng'ao wake ulikuwa weupe wa karatasi yenyewe, na rangi nyeupe ya kasha ingalilifanya chokaa.

Wekundu wa ua haukuwamo katika kasha langu. Nikachota udongo wa mlangoni, nikauchekecha kwa kitambaa chembamba, nikausaga juu ya kioo pamoja na gundi ya mgunga iliyoyeyushwa majini. Rangi za dukani nazo ni unga wa rangi na gundi ya jamii hiyo. Rangi ya maji hupauka ikaukapo, basi niliikoleza kupita nilivyoona.

Picha i ukutani katika nyumba mpya. Buluu imefifia, maana Bibi aliitundika mkabala wa dirisha ingawa nilimkataza; udongo haujabadilika. Kila nimwendeapo huugusa kwa kidole, nami humsihi asiuguse.