Mistari Iliyonifunza Kumjua Mwanangu

Miaka mingi nimevaa sare ya polisi hapa Bujumbura, nami nilijisifu kwamba naweza kumtambua mkaidi kwa kumtazama usoni. Aliyenionyesha kosa langu ni mwanangu wa miaka 8.

Mtoto huyo alikuwa na jambo lililoniudhi. Ukimwita, alikukodolea macho asijibu. Tonge lilisimama mkononi, neno likakatika katikati. Kisha, baada ya sekunde chache, akaendelea kana kwamba hapakuwa na kitu. Mwalimu wake alisema ni mvivu wa kusikiliza. Mimi nilikiita kiburi, na dawa ya kiburi nyumbani kwetu Buyenzi ilikuwa fimbo.

“Baba watoto,” mke wangu alinisihi, “mtoto huyu ni mgonjwa.” Sikumsikia.

Ni yeye aliyempeleka kwa daktari, naye daktari akatuelekeza kwenye maabara ambamo wanafunzi wa tiba na uhandisi huchunguza umeme wa mwili na mishipa ya fahamu. Tuliagizwa mtoto aoshwe nywele zisiwe na mafuta, na usiku alale saa chache tu. Wakambandika kichwani vidude vidogo vya madini 21, kila kimoja kwa dawa nzito ya kunata, na nyaya zake zikaingia mashineni.

“Mtamtia umeme?” niliuliza kwa sauti ya kituoni.

“La, Mzee,” binti mmoja mwanafunzi alijibu kwa adabu. “Umeme anao mwenyewe. Sisi tunausoma tu.”

Akanieleza kwamba chembe za ubongo hupashana habari kwa umeme. Unaofika juu ya ngozi ya kichwa ni mdogo mno: ukiigawa volti moja mara milioni, ni kama sehemu 50 tu, na betri ya kurunzi ina volti 1.5. Aliyeupima kwanza kwa binadamu, mwaka 1924, ni daktari Mjerumani, Hans Berger. Ujanani alikuwa askari wa farasi. Siku moja alianguka, nusura akanyagwe na gurudumu la mzinga, na tangu hapo akashikwa na hamu ya kuujua ubongo.

Kisha mtoto akaambiwa apumue kwa nguvu kwa dakika 3, kama apulizaye jiko la mkaa. Mara mistari iliyokuwa ikitambaa kama Ziwa Tanganyika alfajiri ikachafuka: ncha, wimbi, ncha, wimbi, mara 3 kila sekunde. Nikamtazama. Ulikuwa uso ule ule niliouchapa. Nikamwita; kimya. Mistari ilipotulia, akauliza, “Baba, tumekwisha?”

Daktari alithibitisha kuwa ni kifafa, cha namna isiyomwangusha mtu. Si uchawi, wala hakiambukizi. Katika nukta zile mtoto hasikii wala hakumbuki. Basi kila nilipompiga, hakujua kosa lake.

Nilitoka nje nikajifanya nakohoa.

Leo anameza dawa kila siku kama alivyoagizwa, na mimi ndiye ninayempa. Nimemwomba radhi.

Ndugu askari wenzangu, tunarudi nyumbani na uchovu wa zamu, na mkono ni mwepesi. Mtoto akikukodolea macho asikujibu, mpeleke kwanza kwa daktari. Hasira, walisema wazee, ni hasara.